Kutoka na mtoto wa miezi minne Magomeni: saa ngapi, na kwa mbeleko au kigari?

Swali: Nina mtoto wa kwanza, ana miezi minne na wiki moja. Tunaishi Magomeni kwenye nyumba ya familia pamoja na mama mkwe. Tangu nijifungue nimekuwa natoka kwenda kliniki tu. Nikisema nataka kutembea naye kidogo mtaani naambiwa atapigwa na upepo, atatazamwa na watu wenye kijicho, jua litamuunguza. Kaka yangu ametuletea kigari kizuri kutoka Dubai, kimekaa tu kwenye kona. Mimi mwenyewe siku nyingine nalia bila sababu. Je, naweza kutoka naye? Nitumie kigari au mbeleko? Na mama nimjibu nini?

Jibu: Hongera sana ya mtoto, mdogo wangu. Toka naye. Mtoto wa miezi minne aliyezaliwa kwa wakati wake, ananyonya vizuri, anaongezeka uzito na hana homa, hana sababu ya kufungiwa ndani. Nimekuwa nikihudumia wazazi na watoto wachanga hapa Dar es Salaam kwa muda mrefu, na nikuambie ukweli: katika maneno yako yote, lililonigusa zaidi ni lile la kulia bila sababu. Nitalifikia, kwa kuwa nalo linahusika na matembezi haya.

Arobaini sina ugomvi nayo. Mzazi anakandwa, anapikiwa uji wa pilipili manga, kidonda kinapona, na mtoto anakaa mbali na wageni wenye mafua wakati mwili wake bado haujajua kujitetea. Lakini arobaini yako imekwisha zamani. Kama kadi ya kliniki imejazwa sawasawa, mwanao ameshapata chanjo za kuzaliwa na zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kubwa iliyobaki ni ya surua na rubela, ambayo ataipata akitimiza miezi 9. Kwa sababu ya hiyo nitakukataza sehemu chache huko mbele, ila mtaa wenyewe sikukatazi.

Sasa kigari. Najua kaka yako amekileta kwa mapenzi, na hakitapotea bure. Lakini kwa matembezi ya Magomeni nakushauri ushike mbeleko, na sisemi hivyo kwa kupenda mambo ya zamani.

Angalia njia yenyewe. Mitaa ya ndani ina mchanga, mashimo, mifuniko ya mitaro iliyovunjika, matofali ya jirani anayejenga, benchi la mama lishe. Magurudumu madogo ya kigari yakizama kwenye mchanga, utaishia kumbeba mtoto mkono mmoja na kukikokota kigari kwa mkono wa pili. Ukikimbilia Barabara ya Morogoro, njia ya watembea kwa miguu iliyojengwa pamoja na mwendokasi ni pana na imenyooka, lakini wamachinga wamepanga bidhaa juu yake na bodaboda nao wanaipanda foleni ikizidi. Mahali njia inapozibwa unalazimika kushuka barabarani, na kinachotangulia kushuka ni kigari, mtoto akiwa ndani, kabla wewe hujaona kinachokuja. Kwangu hiyo peke yake inatosha.

Kuna na moshi. Bomba la moshi la gari liko chini ya mita moja kutoka ardhini, na kichwa cha mtoto aliyelazwa kwenye kigari kiko usawa huohuo. Mtoto mchanga pia hupumua mara nyingi zaidi kwa dakika kuliko wewe, kwa hiyo hewa chafu ikipita usoni kwake anaivuta haraka. Akiwa kwenye mbeleko, kichwa chake kimepanda hadi usawa wa kifua au mabega yako. Moshi haumalizwi na mbeleko, lakini unapungua, hasa ukipita mitaa ya ndani na kuzifanya Barabara ya Morogoro na ya Kawawa kuwa za kuvuka tu. Moshi wa takataka zinazochomwa uani nao ukwepe, hata kama ni kwa kuzunguka mtaa mzima.

Jambo la tatu ndilo ninalolipenda zaidi, mazungumzo. Vigari vingi humweka mtoto akitazama mbele, mgongo kwa mama yake. Mwaka 2008 mtafiti Suzanne Zeedyk wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, alilinganisha watoto waliokaa hivyo na waliogeuzwa kuwatazama wazazi. Wazazi waliotazamana na watoto walizungumza nao kama mara mbili zaidi. Mbeleko inakupa hilo bila kununua chochote. Akiwa kifuani anauona uso wako. Akiwa mgongoni hauoni, lakini sikio lake limelala kwenye mwili wako na kila unalosema linamfikia.

Kuhusu wasiwasi kwamba mbeleko inaharibu miguu au kumpa mtoto matege, hilo lisikusumbue kabisa. Mtoto aliyekaa kwenye mbeleko huku mapaja yamefunguka na magoti yamepanda juu kuliko makalio, nyonga zake ziko pale zinapotakiwa kukua. Kule Blantyre, Malawi, madaktari walipitia kumbukumbu za miaka kumi za hospitali ya mifupa ya watoto, na hawakukuta mtoto mchanga hata mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga isiyokaa sawa kwenye tundu lake, tatizo linalojulikana sana Ulaya na Marekani. Wanaona kubebwa mgongoni huenda kumechangia. Kinachodhuru nyonga ni kumfunga mtoto kwa nguvu miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa pamoja.

Kabla hujampeleka mgongoni, hakikisha shingo imekaza. Mlaze chali, mshike mikono yote miwili, mvute taratibu kama unayetaka kumkalisha. Kichwa kikifuata mwili bila kudondoka nyuma, yuko tayari. Kikibaki nyuma kama kinataka kuanguka, endelea kumbeba kifuani wiki chache kisha jaribu tena.

Mazoezi ya kwanza yafanyie ukiwa kando ya kitanda, mtu mwingine akiwa karibu. Chukua kitenge au kanga nzito ya pamba, ile laini iliyochakaa iache iwe ya kutandikia. Inama mbele, msaidizi akuwekee mtoto mgongoni katikati, kifua chake kikigusa mgongo wako na miguu ikikupanda kiunoni huku na huku. Tandaza kitambaa kutoka usawa wa makwapa yake hadi chini ya makalio. Sasa fanya lile ambalo vijana wengi hawalifanyi: upindo wa chini uingize kati yako na mtoto, uusogeze hadi nyuma ya magoti, ili akalie kitambaa kama aliyekaa kwenye kiti. Ukiacha makalio yakining'inia, atateleza kila hatua. Vuta ncha za juu, zipite chini ya makwapa yako, zisokote na kuzifunga juu ya matiti, kisha funga za chini chini ya matiti. Simama taratibu. Kama anacheza ndani ukitikisika, fungua uanze upya.

Kwa wa kifuani kuna kanuni moja ambayo sitaki uisahau hata siku ukichoka: uso wake uuone muda wote, na kidevu kisikandamizwe kifuani kwake. Mtoto akijikunja hivyo njia ya hewa inabanwa, naye hana nguvu ya kujinyoosha, wala halii. Vidole vyako viwili vipite kati ya kidevu chake na kifua. Kanga isimfunike pua, hata kama jirani anataka umsitiri.

Tuje kwenye saa. Dar es Salaam iko karibu na ikweta, na jua la kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni ni kali hata siku yenye mawingu. Muda huo mtoto wa umri wake akae kivulini. Mafuta ya kuzuia jua hayashauriwi kwa watoto chini ya miezi 6, kwa hiyo kinga yake ni kivuli, kofia nyepesi ya pamba na saa nzuri. Toka kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au jioni baada ya saa kumi na moja. Asubuhi mapema sana kina mama wanafagia mbele ya nyumba kwa fagio la chelewa na vumbi linapanda. Subiri wamwage maji, vumbi litulie, ndipo utoke. Miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, hewa ni nzuri na unaweza kutembea nusu saa na zaidi. Kuanzia Desemba hadi Machi, joto la kaskazi likiwa limetanda, robo saa inatosha, na siku nyingine mkae tu barazani.

Joto ndilo adui wa kweli wa mtoto wa Dar, na mara nyingi tunamvisha sisi wenyewe. Naletewa watoto kliniki mwezi wa Februari wakiwa na sweta la sufu, kofia ya sufu, soksi, na shali juu yake, vipele vya harara vimejaa shingoni. Mama yake amevaa dera jepesi na bado anajipepea. Mvishe fulana moja ya pamba na bukta, basi. Mwili wako nao unampa joto, kwa hiyo mbeleko ihesabu kama nguo moja. Mwingizie kidole nyuma ya shingo: pakiwa pakavu na pa vuguvugu, yuko sawa; pakiwa pamelowa jasho, mpunguzie. Mikono na miguu kuwa ya baridi kidogo ni kawaida, usiipime hiyo.

Hata kwenye joto usimpe maji. Anayenyonya maziwa ya mama pekee hahitaji maji mpaka atimize miezi 6, kwa kuwa sehemu kubwa ya maziwa hayo, takribani asilimia 88, ni maji. Ukiona anataka, kaa kwenye baraza ya mtu unayemfahamu, umnyonyeshe. Anayekuwa mwekundu au wa moto sana, akalegea, akakataa ziwa au akakaa saa nyingi bila kukojoa, huyo mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Sasa mama mkwe wako. Usimjibu kwa ubishi, kwa sababu mengi anayoyasema yana kiini cha kweli ndani yake, na ukikitafuta mtaelewana.

Wazee wanasema mtoto asikutwe nje na magharibi. Mtii. Mbu anayeeneza malaria huanza shughuli zake giza likiingia, na kinga ya mtoto mdogo bado ni changa. Ila mbu wa dengi yeye hung'ata mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya jua kuzama, ndizo saa nilizokupa. Jiji hili liliona milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, kwa hiyo mvishe soksi nyembamba na suruali ndefu ya pamba ikiwa mmepita masika au vuli na madimbwi yamejaa, na msisimame karibu na matairi, makopo au ndoo zilizotuama maji. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu muulize kwanza mfamasia inafaa umri gani, na usimpake mikononi kwa kuwa anakula vidole.

Anasema atapigwa na upepo, na wazee wengi huamini upepo unaleta degedege. Degedege la watoto huletwa na homa, na homa mara nyingi huletwa na malaria au maambukizi mengine. Upepo wa asubuhi hauna uwezo huo. Mtoto akichemka, hata kama mlitoka jana, atafutiwe chanzo hospitalini mapema, asianze kufukizwa nyumbani. Hapo ndipo ninapokuwa mkali.

Wazee haohao husema jua la asubuhi linaimarisha mifupa. Wana haki, jua likigusa ngozi mwili unatengeneza vitamini D. Miguu na mikono ikiguswa na jua kidogo njiani yatosha, hakuna haja ya kumwanika uani kama nguo. Jambo moja la kukumbuka kwa mtoto ajaye au wa jirani: mtoto mchanga mwenye macho ya njano hatibiwi kwa kuanikwa juani, apelekwe hospitali.

Na kijicho? Sitaingilia imani ya nyumba. Mama akitaka kumsomea mtoto kabla hamjatoka, amsomee, dua haijawahi kumdhuru mtoto. Wanja usiingie machoni na kamba isifungwe shingoni wala kubana mkono, hayo mawili tu. Tena hofu ya kutazamwa ina faida yake, maana watu wanaomtazama ndio wanaotaka kumshika na kumbusu, na mafua, surua na kikohozi husafiri njia hiyo. Mtoto aliyefungwa kwenye mbeleko ni vigumu kunyakuliwa, hapo nayo imekusaidia. Shangazi wa jirani akinyoosha mikono, mwambie kwa upole, "Amelala, shangazi, nitakuletea umshike tukitoka kliniki." Anayekohoa mpite kwa salamu ya mbali. Kariakoo, daladala ya saa ya msongamano, ukumbi wa sherehe, hivyo viache mpaka chanjo ya surua, ikiwezekana. Bodaboda usipande naye kabisa, hata kama mvua imewakuta njiani. Ingieni kibarazani mngoje.

Nikikuchagulia neno la kumwambia mama mkwe, ni hili: "Mama, nifundishe kufunga mbeleko, kesho tutoke wote." Yeye amebeba watoto wake hivyo na mkono wake unajua mambo ambayo mimi nikiandika kurasa kumi siwezi kukupa. Akiwa njiani na mjukuu wake hana tena cha kukataza, atakuwa anakuonyesha nyumba ya fulani na mkungu wenye kivuli kizuri. Mkitembea kando ya barabara isiyo na njia ya miguu, tembeeni upande wa kulia, gari zinazokuja zikiwa usoni kwenu.

Mkiwa njiani, sema na mtoto. Alipozaliwa alikuwa anaona vizuri sentimita 20 hadi 30 tu, yaani uso wa anayemnyonyesha. Sasa anaona ng'ambo ya mtaa na anafuata kinachosogea. Simama. Mwonyeshe kuku na vifaranga vyake, mwambie, "Huyo kuku, anachakura." Mwonyeshe mama wa vitumbua anavyovigeuza, mkiwa mbali na mafuta na moshi. Akitoa sauti, nyamaza asikie umemsikiliza, kisha mjibu. Utaona baada ya siku chache anageuza kichwa mwenyewe kuku wakilia kabla hujasema. Simu iweke mfukoni, si kwa ajili ya adabu, ni kwamba ukiwa kwenye simu humuoni yeye wala shimo lililo mbele.

Akianza kulia katikati ya njia, usikimbilie kurudi. Angalia kama ana njaa au amelowa, kisha endelea kutembea kwa hatua za kawaida bila kusimamasimama. Watafiti wa Japani walichapisha mwaka 2022 kwamba kumbeba mtoto anayelia na kutembea naye dakika tano kunamtuliza, na karibu nusu ya watoto walilala. Kisha ukifika nyumbani usimweke kitandani papo hapo, ataamka. Keti naye hivyohivyo dakika tano hadi nane, usingizi ushike, ndipo umshushe.

Sasa wewe. Kulia siku chache baada ya kujifungua huwapata wazazi wengi na huisha kwenyewe. Kulia mtoto akiwa na miezi minne ni jambo jingine. Kukaa ndani bila kuona watu, usingizi wa vipande, na kujiona huna usemi juu ya mwanao vinamchosha mtu yeyote, na ninaamini kutoka kila asubuhi kutakupunguzia. Lakini sitaki uyafanye matembezi kuwa dawa pekee. Kama huzuni imezidi wiki mbili, au hulali hata mtoto akilala, au chakula hakipiti, au unaona humpendi mtoto kama ulivyotarajia, hiyo inaweza kuwa sonona ya baada ya kujifungua. Ni ugonjwa, unatibika, na haukufanyi kuwa mama mbaya. Mwambie muuguzi siku ya kliniki, kwa maneno hayohayo uliyoniandikia, usiseme "niko salama" kwa mazoea. Ikikujia fikra ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje kliniki: mwamshe mumeo au mama, mwende hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku.

Anza na dakika kumi, hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Kama ulijifungua kwa upasuaji na mshono unavuta, mpe mama mbeleko nawe utembee mikono mitupu.

Na kigari, kitoeni Jumapili asubuhi mwende sehemu zenye sakafu. Bustani ya Mimea pale Samora, ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1893, ina miti mikubwa na kivuli cha kutosha. Ukingo wa bahari kwenye Barabara ya Barack Obama unafaa, na njia ya miguu ya Daraja la Tanzanite pia, mradi muwahi kabla jua halijapanda, maana pale katikati hakuna kivuli. Mlaze bapa, kwa kuwa bado hawezi kukaa. Funga mikanda yote na ukanyage breki kila mnaposimama. Usitandaze kanga kuziba mdomo wa kigari hata kama jua linamfikia, kwani hewa inagoma kuzunguka na ndani panageuka moto haraka kuliko utakavyodhani. Geuza kigari au hamia kivulini. Na mkoba wako ubebe begani: ukiuning'iniza kwenye mpini, siku utakayomtoa mtoto kigari kitapinduka kinyumenyume, na siku utakayosahau ataanguka nacho.